WANASESERE WALIOTUMWA KULETA URAFIKI
Habari za watoto wa shule wa Marekani na Japani, na mafunzo yake kwetu

Wazee wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Mithali hii twaijua sote, na mara nyingi twaisema harusini au matangani, mchango unapopitishwa. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mchango mmoja uliotolewa na watoto wa shule, si wa kijiji kimoja wala wa wilaya moja, bali wa nchi mbili kubwa zilizotengwa na bahari iliyo pana kupita zote duniani. Watoto hao walikuwa wa Marekani na wa Japani, na jambo lenyewe lilitukia mwaka 1927.

Siku hizi husikika sana habari za shule za nchi mbalimbali kufanya urafiki. Wanafunzi huandikiana barua, hupelekeana picha na kazi za mikono, na pengine hutembeleana. Wazazi wengine hufurahi, na wengine huuliza: Je, faida yake nini? Mtoto amepelekwa shule ajifunze kusoma na hesabu. Urafiki na mtu asiyemwona utamletea nini? Swali hilo si la upuuzi, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu matupu. Habari hii itatusaidia kulijibu, maana ilianza kwa furaha, ikafika mahali pa aibu, na mwisho wake haukutazamiwa na mtu.

CHANZO CHA UGOMVI

Tangu mwisho wa karne ya 19 watu wengi wa Japani walivuka bahari kwenda kutafuta kazi Hawaii na California. Wengi wao walikuwa wakulima hodari. Walianza kwa kulima mashamba ya wengine kwa mshahara, kisha wakaweka akiba, wakakodi mashamba yao wenyewe, na wengine wakanunua ardhi. Majirani zao Wamarekani, badala ya kusifu bidii hiyo, wengi waliwaonea kijicho na kuwachukia. Mwaka 1913 California ilitunga sheria ya kuwakataza Wajapani, pamoja na watu wengine wa Asia, kumiliki ardhi ya kilimo. Msomaji aliye mkulima hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Mwaka 1924 likaja jambo kubwa zaidi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya wageni, ambayo kwayo Wajapani hawakuruhusiwa tena kuhamia katika nchi hiyo hata mmoja. Sheria ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 1924, watu wa Japani waliona kuwa wamefedheheshwa mbele ya ulimwengu wote. Mikutano ya malalamiko ilifanyika, magazeti yaliandika kwa hasira, na watu wenye busara wa pande zote mbili wakaanza kuogopa kwamba ugomvi huu ukiachwa ukue, siku moja utazaa vita.

Miongoni mwa watu hao alikuwako mmisionari mmoja Mmarekani, jina lake Sidney Gulick. Alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Marshall, ambako wazazi wake walikuwa wakieneza dini, na yeye mwenyewe alikwenda Japani mwaka 1888 akakaa huko yapata miaka 25. Aliijua lugha ya nchi, alifundisha katika chuo cha Doshisha mjini Kyoto, na aliwapenda watu wake. Aliporudi kwao mwaka 1913 alifanya kazi kwa miaka mingi kuwaombea Wajapani haki mbele ya serikali na makanisa. Sheria ya mwaka 1924 ilikuwa kama kumwagiwa maji kwa kazi yake yote.

Basi Gulick alifikiri hivi: watu wazima ni kama mti uliokwisha kupinda; lakini watoto je? Udongo uwahi ungali maji. Ikiwa mtoto wa Marekani atajifunza mapema kumwona mtoto wa Japani kuwa ni mtoto kama yeye, huenda akikua asikubali kirahisi kuambiwa amchukie. Ndipo yeye na wenzake wa makanisa walipounda kamati ya urafiki wa watoto wa dunia, wakatafuta zawadi ambayo watoto wa Marekani wangeweza kuwapelekea wenzao.

MJUMBE MWENYE PASIPOTI

Zawadi waliyoichagua ilikuwa mwanasesere, yaani mtoto wa bandia wa kuchezea. Kwetu mtoto wa kike wa shambani huchukua gunzi la hindi, akalifunga kitambaa, akalibeba mgongoni kama alivyomwona mama yake akimbeba mdogo wake. Mchezo huo uko duniani kote, ila katika Japani una heshima ya pekee. Kila mwaka tarehe 3 Machi ni sikukuu ya wasichana. Nyumbani huwekwa ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu, na juu yake hupangwa wanasesere waliovaa kama mfalme na malkia na watumishi wao wa zamani. Na wazazi huwaombea binti zao afya na maisha mema. Gulick aliijua desturi hii vema, na kwa hiyo aliona kwamba zawadi ya namna hiyo haitakuwa ngeni.

Kamati iliweka masharti. Mwanasesere awe mpya, mwenye sura ya kupendeza, viungo vyake viweze kukunjwa, macho yake yafumbe na kufumbua, na akiinamishwa atoe sauti ya kusema "mama". Bei yake ilikuwa kama dola tatu. Nguo zake zilishonwa na wasichana pamoja na mama zao, nao walifanya kazi hiyo kwa uangalifu mwingi. Fedha zilipatikana kwa michango ya shule, ya madarasa ya dini ya Jumapili, na ya vyama vya wasichana kama vile Girl Scouts. Na watoto wengi walifanya kazi au kuuza vitu ili wapate senti za kuchanga.

Kila mwanasesere alipewa jina lake, tiketi ya safari, na pasipoti ndogo mfano wa ile ya mtu hasa. Na kwa hati hizo watoto walilipa dola moja. Tena kila mmoja alichukua barua ya urafiki kutoka kwa watoto waliomtuma. Katika miji mingi ilifanywa karamu ya kuwaaga kabla ya kupakiwa melini.

Hesabu yao ilipokamilika ilikuwa 12,739. Meli za kwanza zilifika Japani mwanzoni mwa mwaka 1927, na tarehe 3 Machi, siku ile ile ya sikukuu ya wasichana, palifanywa sherehe kubwa mjini Tokyo ya kuwapokea wageni hao. Kisha wakagawanywa katika shule za watoto wadogo na shule za msingi za nchi nzima. Hawakutosha shule zote, na kwa hiyo shule iliyopata mmoja iliona fahari. Watoto walipanga mistari kumlaki, wakamwimbia, wakamweka mahali pa heshima. Watu waliwaita "wanasesere wenye macho ya buluu", jina lililotokana na wimbo mmoja wa watoto uliotungwa mwaka 1921, uliokuwa ukiimbwa sana katika nchi ile.

SEN MOJA KWA KILA MTOTO

Hapa ndipo habari hii inapofikia jambo ambalo twaomba msomaji alitie moyoni. Wajapani hawakukubali kupokea tu. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa Shibusawa Eiichi, mzee wa zaidi ya miaka 80. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1840 katika nyumba ya wakulima waliofanya biashara ya nili, ile rangi ya kutilia nguo. Akapanda mpaka akaanzisha benki ya kwanza ya Japani ya namna ya kisasa mwaka 1873, na kusaidia kuanzisha kampuni zipatazo 500. Sura yake ndiyo iliyochapwa katika noti ya yen 10,000 iliyotolewa mwaka 2024. Mzee Shibusawa alikuwa ameumia sana kwa sababu ya sheria ya 1924, lakini alisema zawadi ya watoto lazima ijibiwe, tena ijibiwe na watoto.

Basi wasichana wa shule zilizopata wanasesere waliombwa kuchanga sen moja kila mmoja. Sen ni sehemu ya mia ya yen moja, fedha ndogo ambayo hata mtoto wa maskini aliweza kuipata. Yasemekana waliochanga walikuwa yapata 2,600,000. Karani yeyote aweza kupiga hesabu: sen 2,600,000 ni yen 26,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa fedha hizo mafundi bora wa nchi waliagizwa kutengeneza wanasesere 58. Hawa hawakuwa wa kuchezea kama wale wa Marekani. Kila mmoja alikuwa na urefu wa sentimita 80 na zaidi kidogo, nywele zake nywele za binadamu, uso wake umepakwa ungaunga mweupe uliosagwa kutokana na maganda ya chaza, na vazi lake ni kimono ya hariri. Kila mmoja alifuatana na vyombo vyake vidogo: sanduku la nguo, taa, na vyombo vya chai. Gharama yake ilikuwa kama yen 350 kwa mmoja. Walichukua majina ya majimbo na miji mikubwa ya Japani, na pia ya nchi kama Korea na Taiwan ambazo wakati ule zilitawaliwa na Japani; na mmoja aliwakilisha taifa zima. Waliondoka bandari ya Yokohama tarehe 10 Novemba 1927, wakafika San Francisco tarehe 25 ya mwezi huo huo. Mwaka 1928 walizungushwa mji baada ya mji, na Wamarekani wengi walikwenda kuwatazama. Kisha wakawekwa katika nyumba za makumbusho na maktaba za majimbo mbalimbali.

Kamati ya Gulick haikuishia hapo. Mwaka 1928 watoto wa Marekani walipeleka mikoba ya shule kwa watoto wa Mexico, na baadaye masanduku ya zawadi kwa watoto wa Ufilipino. Ilionekana kana kwamba njia mpya imepatikana ya kuwaunganisha watu wa dunia.

VITA HAVINA MACHO

Lakini lazima tuseme kweli. Urafiki wa watoto haukubadilisha sheria ya wakubwa. Sheria ya 1924 ilibaki kama ilivyokuwa, na mlango ule haukufunguliwa rasmi mpaka mwaka 1952. Mtoto wa Japani aliambiwa na mwanasesere kwamba Marekani yampenda, na huku baba yake akisoma gazetini kwamba Marekani haimtaki. Upande wa Japani nako majeshi yalizidi kupata nguvu katika serikali. Septemba 1931 jeshi la Japani liliingia Manchuria, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule Mzee Shibusawa akafariki. Mwaka 1937 vita vikawaka na China yote. Tarehe 7 Desemba 1941, kwa saa za Marekani, ndege za Japani zikashambulia bandari ya Pearl Harbor, na nchi hizi mbili zikaingia vitani.

Basi ikawaje kwa wajumbe wale 12,739? Walikuwa bado wamekaa mashuleni, katika makabati ya vioo, na macho yao ya buluu. Sasa waliitwa maadui. Mwezi wa Februari 1943 gazeti moja kubwa la Japani liliandika juu yao kwa maneno makali, likaeleza jinsi watoto wa shule moja ya kaskazini walivyoulizwa wanasesere hao wafanywe nini. Wengine walijibu wachomwe moto, wengine wavunjwe, wengine watupwe baharini, na wengine wakasema warudishwe kwao. Katika shule nyingi jambo hilo lilitendwa kweli. Wanasesere walichomwa uwanjani mbele ya wanafunzi, na mahali pengine walichomwa kwa mikuki ya mianzi. Watoto waliofanya hayo walikuwa wadogo zao wale waliochanga sen moja moja miaka 16 kabla.

Mtu akisimama hapo atasema, "Je, sikuwaambia? Kazi yote ile ilikuwa bure." Na kama habari ingekuwa imeishia hapo, nasi tungekubali.

WALIOFICHWA DARINI

Haikuishia hapo. Miaka mingi baada ya vita, hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, watu wa Japani walianza kugundua kwamba si wanasesere wote walioangamia. Mmoja alionekana darini, mwingine nyuma ya jukwaa la ukumbi wa shule, mwingine ndani ya kabati la vitu vikuukuu, mwingine katika nyumba ya mwalimu. Habari zilipotangazwa, shule nyingine nazo zikatafuta, na waliokuwa wameficha wakajitokeza kusimulia. Mpaka sasa waliopatikana ni zaidi ya 300, nao ni chini ya watatu katika kila mia ya wale waliotumwa.

Nani aliwaficha? Mara nyingi ni mwalimu wa kawaida, mwanamke au mwanamume, aliyepokea amri kama wenzake, akaitikia, kisha usiku akamchukua mwanasesere akamfunga katika kitambaa akamweka mahali pasipoonekana. Walipoulizwa sababu, wengi walijibu jambo moja: mwanasesere hana hatia. Jibu hilo ni fupi, ila tusilidharau. Wakati ule mtu aliyeonekana kumhurumia adui aliweza kuitwa msaliti wa nchi yake. Mwalimu angeweza kupoteza kazi na heshima mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Hata hivyo alikumbuka siku ile wageni walipolakiwa kwa nyimbo, na hakuweza kumfanya adui mtoto wa bandia aliyeletwa kwa barua ya urafiki.

Huko Marekani nako wanasesere wa Japani waliondolewa mbele ya watu, wakafungiwa ghalani. Wengine walipotea au kuuzwa. Tena kwa kuwa vibao vya majina yao vilikuwa vimechanganyika tangu wakati ule wa kuzungushwa mijini, ilikuja kuwa kazi ngumu kujua yupi ni wa jimbo gani. Lakini kati ya wale 58 zaidi ya 40 wamekwisha kujulikana walipo, na yule aliyewakilisha taifa zima yuko katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Baadhi yao wamepelekwa Japani kutengenezwa, wakatazamwa na watu wa majimbo yao, kisha wakarudishwa tena Marekani, kama mtu aliyekwenda likizo kwao.

Gulick mwenyewe aliishi kuona vita, na kuona mwisho wake pia, lakini hakuwahi kusikia habari za waliofichwa. Alifariki mwezi wa Desemba 1945, miezi minne baada ya silaha kuwekwa chini. Mjukuu wake, aliyerithi jina lake na ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Maryland, alianza katika miaka ya 1980 kupeleka tena wanasesere wapya kwa shule za Japani, akisaidiwa na mkewe.

BAADA YA VITA: WATOTO WENYEWE

Baada ya vita watu waliopenda kazi hii walisema kwamba barua na zawadi ni mwanzo mzuri, ila hazitoshi. Afadhali watoto wenyewe waonane. Kulikuwa na chama kimoja cha Wamarekani kiitwacho American Field Service, ambacho kilianza mwaka 1915 kwa kuendesha magari ya kuchukulia majeruhi katika uwanja wa vita wa Ufaransa. Madereva wale walikuwa wameona kwa macho yao vita vyafanya nini kwa mwili wa mtu. Mwaka 1947 chama hicho kilileta Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi 10, wakae nyumbani kwa watu, wale chakula cha nyumba hizo, na kusoma pamoja na watoto wa huko. Mwaka 1954 wanafunzi wa kwanza wa Japani walikwenda kwa mpango huo. Hivyo nchi zilizokuwa zikiangushiana mabomu miaka michache nyuma sasa zilipeana watoto.

Mwaka 1951 mwanamke mmoja msomi, Doris Allen, alikusanya watoto wa miaka 11 wa nchi mbalimbali katika kambi moja mjini Cincinnati. Aliwachagua wa umri huo kwa kuwa aliona kwamba mtoto wa miaka 11 amekwisha kuijua desturi ya kwao vya kutosha kuieleza, na bado hajafundishwa chuki kiasi cha kukataa ya wenzake. Kambi za namna hiyo zimeendelea kufanywa katika nchi nyingi tangu wakati huo.

YATUPASAYO SISI

Sasa twarudi kwa yule mzazi aliyeuliza faida ni nini. Jibu letu ni kwamba urafiki wa shule na shule hauzuii vita, wala haubadilishi sheria mbaya, wala haujazi tumbo. Anayeahidi hayo anadanganya. Sheria mbaya hubadilishwa na watu wazima wenye madaraka, na zawadi ya mtoto isitumiwe kuwa kifuniko cha udhalimu wa wakubwa. Lakini urafiki huo waweza kumwekea mtu kumbukumbu moyoni, na siku ya ghadhabu, kila mtu anapopiga kelele, kumbukumbu hiyo yaweza kumsimamisha. Katika shule zaidi ya 300 za Japani alikuwako mtu aliyesimama. Sisi ambao tumeona nchi jirani, na wakati mwingine hata majirani wa kata moja, wakigeuziana nyuso kwa sababu ya maneno ya siku chache, twajua thamani ya mtu wa namna hiyo.

Tena kuna mambo matatu ya kufuata, ambayo yafaa wajumbe wa kamati za shule na walimu wayafikiri kila wanapotaka kuanza urafiki na shule ya ng'ambo.

Kwanza, zawadi ijibiwe. Shule zetu nyingi zikipata marafiki wa nchi tajiri hupokea vitabu, kalamu na mipira, wakatoa shukrani, ikawa mwisho. Hiyo ni sadaka, na sadaka ni njema, lakini urafiki ni jambo jingine. Wasichana wa Japani hawakusema kwamba Wamarekani ni matajiri hawahitaji kitu. Walitafuta kilicho chao, ambacho Wamarekani hawakuwa nacho, wakakipeleka kwa uzuri mkubwa. Sisi nasi tunavyo. Mtoto aweza kuandika jinsi kahawa inavyochumwa na kupimwa, jinsi mbuzi wanavyotambuliwa kwa rangi na alama, jinsi mvua ya masika inavyongojewa; aweza kuchora nyumba ya babu yake na kueleza kila kitu kilichomo; aweza kusuka kikapu. Kwa mtoto wa ng'ambo hayo ni elimu asiyoweza kuinunua dukani, na mtoto wetu atajiona kuwa na kitu cha kufundisha, si cha kujifunza tu.

Pili, kazi ifanywe na watoto. Nguo za wanasesere zilishonwa na wasichana pamoja na mama zao, na sen moja ilitoka mkononi mwa mtoto mwenyewe. Barua inayoandikwa na mwalimu ubaoni ili wanafunzi 40 wainakili ni barua moja tu, hata ikatiwa sahihi arobaini. Mwache mtoto aandike mwenyewe, na makosa yake. Mwenzake wa huko naye ana makosa yake.

Tatu, kiwekwe kinachoweza kutunzwa. Barua zinazotumwa siku hizi kwa umeme hufika mara moja, na hilo ni jema. Lakini pia hupotea mara moja. Mwalimu wa Japani aliweza kuficha mwanasesere kwa kuwa alikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Yafaa shule iwe na daftari au sanduku ambamo barua na picha za marafiki zawekwa kwa tarehe na majina, ili mwanafunzi atakayeingia miaka 20 baadaye azione, ajue kwamba shule yake ilikuwa na rafiki kabla yeye hajazaliwa. Mwalimu mkuu akihamishwa, amkabidhi mwenzake sanduku hilo pamoja na funguo za ofisi.

Mzazi mmoja aweza kusema bado kwamba mtoto wake ana kazi nyingi, hana wakati wa barua za ng'ambo. Twamwomba akumbuke kwamba yule mtoto wa Marekani aliyeshona gauni dogo la mwanasesere mwaka 1926 hakujua ni nani atakayelitunza. Alishona vizuri, akatia barua yake, akapeleka. Mahali fulani katika Japani, miaka 17 baadaye, mwalimu alilikunja gauni hilo gizani, akapanda darini.